Kitaa cha Kamera Kinapopiga Hodi

Msimu wa machungwa, Muheza inanoga kwa picha baada ya jua kuzama. Matenga yamepangwa, lori linapakiwa, mzee anamenya chungwa chini ya taa moja. Mpiga picha anataka sura ya mtu ambaye hajapozi. Anainua kamera, anabonyeza kitufe nusu, na mara kitaa chenye rangi ya chungwa kinammulika mzee usoni. Mzee anageuka, watoto wanaanza kupozi, picha ndiyo imeshakwenda.

Kitaa hicho si flashi, wala hakiko pale kuing'arisha picha. Kazi yake ni kuisaidia otofokasi. Ili ipate fokasi, kamera hutafuta tofauti: kola nyeupe dhidi ya shingo, ukingo wa tenga dhidi ya giza. Mwanga ukipungua, mipaka hiyo hufifia, na lenzi huenda mbele ikarudi nyuma bila kutulia. Ndipo kamera huwasha kitaa. Nguvu yake haizidi mita chache, kwa hiyo ukilenga mtu wa ng'ambo ya barabara hakikusaidii, kinakutangaza bure.

Kukizima ni rahisi. Kwenye menyu ya Canon au Nikon tafuta maneno AF-assist. Kwa Sony ni AF Illuminator. Baadhi ya Canon EOS hazina kitaa hicho, badala yake flashi yenyewe humweka mfululizo kabla ya picha, na hiyo inashtua zaidi. Kwa simu, zima flashi kabisa, usiiache kwenye Auto.

Ukishazima, fokasi inabaki juu yako. Kwanza, tumia lenzi inayofunguka sana. Lenzi ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6, na otofokasi nayo hufaidika. Pili, lenga pale mwanga unapokutana na giza: ukingo wa kofia, mkono unaoshika kisu. Tatu, fokasi mapema kwenye kitu kilicho umbali uleule na mtu wako, hamia fokasi ya mkono, kisha subiri. Panda hadi ISO 3200 ukibidi. Chengachenga zinavumilika kuliko picha iliyotikisika.

Sasa tuje kwenye gumu lenyewe. Pamoja na kero yake yote, kitaa kile kilikuwa kinakupigia hodi. Aliyemulikwa anajua anapigwa picha, anaweza kugeuza uso au kukataa. Japani simu huuzwa zikiwa na mlio wa kamera usiozimika kirahisi, kwa sababu hiyohiyo. Kwetu, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mama aliyekaa barazani kwake jioni, mtandio umelegea, hakukaa pale kwa ajili ya stetasi yako.

Kwa hiyo, ukizima kitaa, piga hodi mwenyewe. Fika mapema kabla giza halijaingia. Mwamkie mzee shikamoo, nunua machungwa, mweleze unasoma wapi na picha ni za nini, umwombe ruhusa. Akikubali, kaa. Baada ya nusu saa atakuwa amekuzoea na kurudi kwenye kisu chake, na hapo ndipo kitaa kilichozimwa kina faida: kazi yake haikatizwi. Kama ulipiga kabla ya kuomba, mwoneshe papohapo. Akisema futa, futa mbele yake. Akiipenda, chukua namba umtumie. Wengi wetu hapo ndipo tunapofeli: picha inazunguka kwenye magrupu ya chuo, na mwenye sura hajawahi kuiona.