Tangi la maji ya chumvi: Usitie samaki kabla bakteria hawajahamia

UMENUNUA tangi la lita 100. Umepanga mawe, ukamwaga mchanga, pampu inanguruma na taa ya buluu imefanya bedsita yako ifanane na zile video za mtandaoni. Maji yanang’aa kama ya chupa. Kilichobaki ni samaki tu, sivyo?

Ngoja kwanza. Maji hayo ni masafi kwa macho yako tu. Ukimtia samaki leo, kuna uwezekano mkubwa utamtoa wiki ijayo akiwa amekufa.

Sababu ni amonia. Samaki huitoa kila anapopumua, na chakula kinachobaki huoza na kuiongeza. Baharini inatawanyika. Kwenye kioo chako haina pa kwenda. Isitoshe, maji ya chumvi yana pH ya juu, karibu 8.2, na hapo amonia huwa kali kuliko kwenye maji baridi ya kawaida. Kwa hivyo kama ulishawahi kufuga samaki wa maji baridi ukaponea, usidhani mambo ni yale yale.

Wanaokuokoa ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa nitriti, ambayo pia ni sumu. Kundi la pili hula nitriti na kuacha nitrati, isiyo kali sana, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hujishika kwenye mawe, mchanga na chujio. Tangi jipya halina wa kutosha, na kuwakuza huchukua wiki nne hadi sita hivi.

Utawakuza vipi?

Anza na maji. Ya mfereji yana klorini, inayoua bakteria hao hao unaowatafuta. Tumia maji yaliyoondolewa madini. Baadhi ya wanaouza maji ya kujaza mitungi mtaani wana mtambo huo, ila uliza kama huwa hawarudishi madini baadaye. Kisha weka chumvi maalum ya matangi, si ile ya kupikia ugali wala mboga. Lengo ni gramu 35 kwa lita, na ukipima uzito wa maji upate 1.025. Hita ishikilie nyuzi 25 au 26. Usiku wa Nairobi mwezi wa Julai si wa Mombasa, buda.

Sasa walishe bakteria. Tia amonia ya matangi hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Ukikosa, dondosha kamba mmoja mbichi aoze humo, japo chumba kitanuka. Bakteria wa chupa wanaweza kuharakisha mambo, lakini hawakuondolei kazi ya kupima.

Pima kila baada ya siku mbili na uandike kwenye simu. Amonia itashuka huku nitriti ikipanda. Baadaye nitriti nayo itaanguka na nitrati kuonekana. Mtihani wa mwisho ni huu: tia tena amonia hadi miligramu 2 kwa lita. Ikiwa saa 24 baadaye amonia na nitriti zote zinasoma sufuri, tangi liko fiti. Badilisha nusu ya maji, halafu anza na konokono, kisha samaki mmoja au wawili. Matumbawe yasubiri tangi litulie miezi kadhaa.

Ukiona utando wa kahawia juu ya mchanga, usipaniki. Ni mwani wa kawaida wa tangi changa, hupotea wenyewe. Na stima ikipotea kwa saa nyingi, kumbuka bakteria wanahitaji oksijeni, hivyo pampu ndogo ya betri si anasa.

Kuna watakaokwambia utie samaki wa bei rahisi “aanzishe” tangi. Hiyo ni kumchoma kiumbe matamvua ili uokoe wiki chache. Tena samaki wengi wa mapambo wa maji ya chumvi hawazalishwi kwenye mabwawa. Wananaswa miambani, wakiwemo wa Pwani yetu, ambako wapiga mbizi huwafuata kwa nyavu na wengi huuzwa ng’ambo. Kila anayekufa kwako, mwingine anatolewa baharini kujaza nafasi yake, na miamba hiyo ilishaumizwa vibaya na joto la El Nino mwaka 1998.

Usijaribu pia kuokota mawe au matumbawe ukienda Watamu, Malindi au Kisite. Hizo ni hifadhi, na kuchukua chochote humo ni kosa.

Kama wiki sita za kutazama mawe matupu zinakushinda, afadhali uliambie duka ukweli na usinunue samaki kabisa. Pesa zako zitabaki mfukoni, naye atabaki alikozoea.