Kisu cha Fundi wa Ngozi: Mpini Husema Nini? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulimaliza kengee, yaani chuma cha kukatia. Leo tushuke mpinini, maana huko ndiko kuliko na ushahidi mwingi wa umri na asili ya kisu, na ndiko wenye visu wanakoharibu zaidi.

Kwanza tuondoe kosa moja. Mtu wa hapa kwetu Lusangi akirithi kisu cha nusu mwezi cha kukatia ngozi, akaona kimeandikwa mwaka 1826, hutangaza kwamba kina karibu miaka mia mbili. Sivyo. Huo ni mwaka ambao kampuni ya C.S. Osborne ya Marekani ilianzishwa. Blanchard ya Paris ni ya 1823, George Barnsley ya Sheffield ni ya 1836. Jina la kiwanda halithibitishi umri. Linakwambia tu kwamba kisu hakikutangulia kiwanda. Jina la nchi lina faida zaidi: sheria ya Uingereza ya 1887 na ya Marekani ya 1890 ziliwabana wauzaji wa nje waonyeshe bidhaa ilikotoka. Kikiandikwa "West Germany", basi ni cha baada ya 1949.

Sasa shika kisu, utazame pale chuma kinapoingia kwenye mti. Mhunzi wa kwetu huufua msuka, yaani mkia wa kengee, uwe mwembamba kama msumari, akaupasha moto mpaka uwe mwekundu, kisha akauchoma ndani ya mpini. Mpini ukilegea, chungulia tundu: utaona weusi wa mkaa na kuta zisizo sawa. Tundu la kiwandani limetobolewa kwa keekee, ni safi na la mviringo.

Kisha noleo, ile pete inayozuia mpini usipasuke. La kiwandani aghalabu halina kiungo. La fundi wa kijijini ni ukanda wa shaba uliokunjwa, ncha moja juu ya nyingine, au ni waya uliozungushwa kwa kubana. Waya huo una historia hapa. Kasongo ilipokuwa mji wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, kabla Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, hajaiteka Aprili 1893, misafara ya pwani ilileta masango (waya mnene) na udodi (waya mwembamba) pamoja na nguo na shanga. Na majirani zetu Wasongye walikuwa wakivika shaba mipini ya mashoka yao ya heshima, kazi ambayo mimi naiona haina mfano.

Ukikuta noleo lililokatwa kutoka ganda la risasi, lipime. Ganda pana huenda ni la Albini, bunduki ya milimita 11 ya Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, katika miaka yake ya awali. Jembamba zaidi laweza kuwa la Mauser ya milimita 7.65. Lakini ganda huokotwa hata miaka hamsini baada ya kufyatuliwa, kwa hiyo usiharakishe kutaja mwaka.

Mipini ya vipande viwili hufungwa kwa ribiti. Ukiona skrubu yenye kichwa cha msalaba, ujue imetiwa baada ya 1930, ingawa kengee yaweza kuwa kongwe kuliko hiyo.

Kwa hiyo nawasihi wenye visu hivi, Kasongo hadi Kabambare: msisugue noleo kwa msasa, wala msing'oe mpini wa zamani ili mtie mpya wa kuvutia mnunuzi. Futeni vumbi kwa kitambaa kikavu, pakeni chuma mafuta kidogo, basi. Wiki ijayo tutaangalia ala.