Mgeni Mlangoni mwa Darasa



Mwaka 1994 nilikuwa mwalimu mgeni Samad al-Shan, wilaya ya al-Mudhaibi. Asubuhi moja tulisikia mlangoni mkwaruzo kama wa msumeno. Nyuma ya mtungi wa maji alijikunja nyoka mfupi, rangi ya mchanga, akisugua magamba yake: jamaa ya moma wa kwetu. Nikainua rula nimpige. Mwanafunzi mmoja akanishika kanzu: “Ustadhi, usimkaribie! Hiyo ni ilani yake.” Tukatokea dirishani, bawabu mzee akammaliza kwa fimbo ndefu. Sheria imeruhusu kumuua nyoka hata ndani ya Swala, lakini haikuruhusu mtu kujitia katika maangamizi.

Jioni tabibu aliniuliza ningelimfanyia nini mtoto aliyeumwa. Nikajibu kama nilivyolelewa: kuchanja jeraha kwa wembe na kufunga kamba. Akatikisa kichwa. Sumu ya nyoka huyu huzuia damu kuganda. Penye chale damu haikomi, na kamba huweza kuua kiungo. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi.

Siku ile mwalimu nilikuwa mimi, na waliosomesha ni wengine.