Paneli za Mnara wa Simu na Sababu ya Aliye Karibu Kukosa Mtandao

Malalamiko ya mtumiaji anayeishi jirani kabisa na mnara wa simu, lakini hapati mtandao, huonekana ya ajabu. Hata hivyo, yana maelezo ya kitaalamu, na kuyafahamu humsaidia mlalamikaji kueleza tatizo lake kwa usahihi.

Mawimbi hurushwa na antena, yaani zile paneli ndefu zilizofungwa karibu na kilele cha mnara. Kwa kawaida hupangwa katika mafungu matatu, kila fungu likihudumia theluthi moja ya eneo linalouzunguka mnara. Paneli haiangazi kila upande kama kandili. Humulika mbele kama tochi, na mwali wake huinamishwa kidogo. Antena iliyo mita 30 juu, ikiinamishwa nyuzi 6, hulenga ardhi umbali wa mita 285 hivi kutoka mnarani. Nyumba iliyo chini kabisa ya mnara hupitwa na sehemu kubwa ya mwali huo. Kwa sababu hiyo, si sahihi kudhani kwamba wakazi wake lazima ndio wanaopokea mawimbi makali kuliko wote.

Ndani ya paneli mna vipande vya metali vilivyopangwa jozi jozi kwa umbo la herufi X, kimoja kikiegemea nyuzi 45 kulia na kingine nyuzi 45 kushoto. Simu hushikwa kwa namna nyingi, na wimbi lake hugonga kuta na mabati kabla ya kufika mnarani, hivyo hufika likitetemea upande usiotabirika. Kipande kimoja kikilipokea kwa unyonge, cha pili huweza kulidaka. Zamani kazi hiyo ilihitaji antena mbili zilizotenganishwa kwa mita kadhaa.

Ugumu mkubwa kwa wasanifu umo katika upana wa masafa. Paneli moja ya kisasa huweza kutakiwa kufanya kazi kuanzia megahezi 1,710 hadi 2,690, ili huduma za vizazi mbalimbali zipite humo bila kuongeza mzigo mnarani. Kipande chembamba cha metali huitikia vema sehemu ndogo tu ya masafa hayo. Hivyo mikono yake hupanuliwa na kuchongwa kwa vipimo makini. Isitoshe, mwali huelekea kuwa mwembamba kadiri masafa yanavyopanda. Usanifu usipolidhibiti jambo hili, mkazi wa pembezoni mwa mwali anaweza kupiga simu vizuri huku intaneti ya kasi ikimkwepa.

Kwa hiyo, kauli ya “mtandao ni mbovu” haimpi fundi pa kuanzia. Mtumiaji aeleze tarehe na saa, mahali alipo na upande upi wa mnara, alama inayoonekana kwenye simu (2G, 3G au 4G), na kama hali hubadilika anapotoka nje ya nyumba. Iwapo tatizo lilianza baada ya mafundi kuonekana mnarani, alitaje pia, kwani paneli iliyobadilishwa au kugeuzwa huhamisha mwali. Lalamiko huwasilishwa kwanza kwa mtoa huduma, na ni vema mtumiaji aombe namba ya kumbukumbu. Asiporidhika na majibu, alifikishe kwa Mamlaka pamoja na namba hiyo.