Kutoka Kaunta Hadi Angani: Njia Ipi Inalipa?

Kijana anayetaka kuruka lakini hana ada ya chuo cha urubani hupewa ushauri uleule: anza na kazi yoyote pale uwanjani, mengine yatajipa. Ushauri huo ni mzuri kwa baadhi ya kazi, na ni wa hasara kwa nyingine. Tuzilinganishe.

Urubani

Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi inahitaji angalau saa 40 za kuruka. Leseni ya biashara, ile inayokuruhusu kulipwa, inahitaji saa 200, au 150 kwa anayesoma kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa. Tuchukue mfano wa saa moja kuuzwa dola 200: saa 200 ni dola 40,000, bado mitihani, malazi na mafunzo ya ndege ya injini mbili. Karani wa kaunta anayeweka akiba dola 100 kwa mwezi atazifikisha baada ya miaka 33.

Kudunduliza nako kuna gharama yake. Mwanafunzi anayeruka saa moja leo na nyingine baada ya miezi mitatu husahau, na mwalimu humrudisha nyuma kwa pesa ya mwanafunzi mwenyewe. Ni nafuu kukusanya fedha kwanza, kisha kuruka mfululizo. Kabla ya hayo yote, pima afya ya daraja la kwanza. Ukikosa cheti hicho hutarusha ndege ya biashara, hata uwe umelipa ada yote.

Uhudumu wa ndege

Hapa ndipo kazi ya uwanjani inapolipa. Emirates, kwa mfano, humtaka mwombaji awe na miaka 21 au zaidi, aweze kufikia kimo cha sentimita 212 akisimama kwa ncha za vidole, na awe amehudumia wateja kwa mwaka mmoja au zaidi. Mwaka wa kupokea abiria kaunta unahesabika, na unalipwa mshahara huku ukiupata. Kupakia mizigo ni kazi ya heshima, lakini kwa ombi hili haina uzito huo.

Je, ulipie kozi ya uhudumu katika chuo binafsi? Inaweza kukuandaa kwa usaili, ila haichukui nafasi ya mafunzo ambayo shirika humpa mwajiriwa wake kwa ndege zake. Kama fedha ni ya kozi moja tu, Kiingereza fasaha na kuogelea vitakufaa zaidi. Na wakala akidai pesa ili "akuingize" kwenye shirika, achana naye.

Mwajiri yupi?

Wengi hukosea hapa. Kampuni za huduma za uwanjani kama Swissport au dnata huhudumia ndege za mashirika mengi, lakini kuvaa sare yao hakukufanyi mwajiriwa wa shirika lolote kati ya hayo. Nafasi zikitangazwa ndani ya shirika, wewe ni mtu wa nje. Ukipata kazi ya kaunta kwenye shirika lenyewe, hata kwa mshahara mdogo kidogo, ichukue.

Anayelenga urubani atazame kampuni ndogo zinazorusha ndege za Cessna Caravan, kama zile za Terminal 1 ya Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, au Wilson, Nairobi. Huko anayepima mizigo huonana na marubani kila siku, na rubani mkuu humjua kwa jina. Siku utakapokuwa na leseni changa, kujulikana huko ni mtaji.

Uamuzi

Unataka uhudumu: anza kaunta, tena ya shirika la ndege, kisha omba ukishatimiza mwaka. Unataka urubani: tafuta kwanza mfadhili, mkopo au familia ya kukushika mkono, na kazi ya uwanjani ichukue kama njia ya kujuana na watu. Usiitegemee ikulipie ada.