Sarafu za Mtambwe Mkuu
Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wachimbuaji wa mambo ya kale walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu, zikiwemo za Makhalifa wa Kifatimi. Zile za fedha zina majina ya watawala waliozitoa, ila hazina mwaka. Dinari ndizo zilizotoa ushahidi: ya karibuni kabisa ilipigwa 1066 Miladia.

Fikiri, ndugu msomaji, lau angalitangulia mtu na mashine ya kutafutia madini, dhahabu akaipeleka kwa sonara! Fedha ingalibaki bubu.

Mwananchi aliyeona sarafu shambani si mwizi. Aiache palepale, amwarifu sheha. Nazo ofisi zikishaarifiwa, zisimngojeshe miezi.