Kuzipanga nyimbo za nyumbani ndani ya kompyuta

Katika nyumba nyingi za Waafrika Mashariki wanaoishi London, kaseti na santuri zilizoletwa kutoka Mombasa, Unguja au Kampala zimekwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta. Sauti imeokolewa, lakini mara nyingi majina yamepotea. Msikilizaji hufungua folda na kukuta mamia ya mafaili yenye namba tupu, bila ya mwimbaji, bendi wala mwaka.

Faili la muziki lina sehemu mbili: sauti yenyewe, na lebo, yaani maandishi yaliyofichwa ndani ya faili hilo hilo. Programu nyingi za muziki hupanga nyimbo kwa kusoma lebo, wala si jina la faili. Lebo za kwanza za MP3, zilizobuniwa mwaka 1996, zilitoa nafasi ya herufi 30 tu kwa jina la msanii. Ukiandika "Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano", maandishi hukatika kwenye "Vol". Toleo la mwaka 1998 liliondoa kikwazo hicho, ila mafaili ya zamani yangali na majina yaliyokatwa.

Tatizo kubwa zaidi ni kuamua msanii ni nani. Mbaraka alipiga na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973. Lebo moja ikitaja jina lake, nyingine Morogoro Jazz na ya tatu Super Volcano, kompyuta huhesabu wasanii watatu. Vivyo hivyo, haijui kwamba Franco na Luambo Makiadi ni mtu mmoja.

Dawa yake ni kutumia nafasi zote zilizomo katika lebo. Jina la bendi liandikwe penye msanii wa albamu, la mwimbaji penye msanii, na la mtunzi mahali pake. Katika taarabu jambo hili ni la lazima, kwani aliyetunga shairi mara nyingi siye aliyeliimba.

Programu nyingi, zikiwa zimetengenezwa kwa kuzingatia Kiingereza, huruka neno "The" zinapopanga majina kwa alfabeti. Haziruki "Orchestra". Matokeo yake, Orchestra Super Mazembe, Orchestra Makassy na Orchestra Maquis hurundikana penye herufi O, na Bi Kidude huwekwa penye B. Ipo nafasi ya jina la kupangia. Humo andika "Kidude" au "Makassy", na jina kamili litaendelea kuonekana kama kawaida.

Tusisahau pia santuri ndogo, ambazo wimbo mrefu uligawanywa pande mbili. Zikipangwa ovyo, sehemu ya pili, yenye magitaa yanayochezesha watu, hulia kabla ya mashairi. Zipe sehemu hizo namba zinazofuatana, na uandike 01, 02. Vyombo vingi vya zamani, hasa vya kwenye gari, huweka 10 mbele ya 2.

Hapa London, Maktaba ya Uingereza huhifadhi sauti alizorekodi Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nakala zake za dijitali zilirejeshwa Chuo Kikuu cha Makerere. Zingalikuja bila maelezo ya mahali na ala zilizopigwa, zisingalimfaa sana mtafiti. Na mwezi Oktoba 2023, maktaba hiyo iliposhambuliwa na wadukuzi, huduma zake nyingi za mtandaoni zilikatika kwa muda mrefu. Basi weka nakala mbili, moja nje ya nyumba.

Kazi ya haraka kuliko zote, hata hivyo, haihitaji kompyuta. Wanaoweza kuitambua sauti ya mwimbaji wa mwaka 1965 ni wazee. Wapigie nyimbo zisizo na jina, hata kwa simu, kisha andika katika nafasi ya maelezo walichokwambia, nani amekwambia, na kaseti ilitoka wapi.